Jani la Sita

Mjomba alikuwa akingoja jua. Tangu asubuhi alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa banda lake la useremala, uani kwake Ngamiani, Tanga, viganja juu ya magoti, na kila kitu kilikuwa tayari. Milango miwili ya kabati, bado plaiwudi tupu, ilikuwa imelazwa juu ya mkeka. Mbao nne nene za kukandamizia ziliegeshwa ukutani, jiriwa nane zilipangwa kwa urefu kama watoto wa madrasa, na kopo la gundi lilizama nusu ndani ya sufuria ya maji, juu ya makaa yaliyokwisha kufifia. Nilikuwa kijana wa kidato cha tatu, nimekuja likizo, na kungoja kulinichosha kuliko kazi. Nikamwuliza tunangoja nini.

"Tunangoja mbao zipate homa, mpwa wangu," akasema, na hakuongeza neno.

Saa sita kasoro akainuka, akaweka kiganja juu ya ubao mmoja kama mama anayempima mtoto paji la uso, akatikisa kichwa, akarudi kuketi. Saa saba akaweka kiganja tena. Safari hii akavua shati.

Nimeona mafundi wengi tangu siku ile. Nimezunguka Keko, Dar es Salaam, ambako samani hupangwa hadi ukingoni mwa barabara. Nimepita Gikomba, Nairobi, nikisikia misumeno kabla ya kuiona. Sijamwona tena mtu akilifanya jua kuwa chombo cha kazi. Gundi aliyoitumia ilikuwa ya ngozi, ile ya vipande vigumu vya rangi ya asali, inayolowekwa usiku kucha na kupashwa moto taratibu bila kuachwa ichemke, kwani ikichemka nguvu yake hufa. Nayo ina tabia moja ya kutesa: ikigusa ubao wa baridi huganda kabla fundi hajaleta mkono wa pili. Mafundi wa nchi za baridi huzipasha mbao zao karibu na jiko. Mjomba alikuwa na ua, na jua la Desemba la Tanga, bila gharama. Aliijua saa ambayo joto limekwisha kuingia ndani ya mti, si juu ya ngozi yake tu, na saa hiyo aliingoja kama mvuvi anavyongoja maji yajae.

Kabati lilikuwa la dada yake, yaani mama yangu. Mama alikuwa na kanga nyingi, na kwa wanawake wa rika lake kanga ni kumbukumbu. Hii ya arusi ya fulani, ile ya matanga ya fulani, na ile nyingine ililetwa na wifi wakati hawasemezani, na jina lililoandikwa juu yake halikuwa la heri. Zote zilikaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Masika ya mwaka ule bati likatoa kutu, na kutu ikapanda kwenye pindo la doti aliyopewa na marehemu baba siku nilipozaliwa. Mama hakusema kitu. Aliifua mara tatu, akaianika, na alama ikabaki palepale. Mjomba alikuja jioni ile kutujulia hali, akaiona kambani, akanywa chai yake, akaondoka. Wiki iliyofuata akaja na mkokoteni kukichukua kitanda cha bibi.

Kilikuwa kitanda cha nne kwa sita, cha mninga, mbavu zimevunjika, matendegu mawili hayafai tena. Kilichosalia kizima ni ubao wa kichwani: urefu futi nne, upana inchi nane, unene inchi moja. Jirani mmoja aliyesaidia kupakia aliupima kwa macho akasema hapo pana rafu moja, na labda kigoda. Mjomba akamjibu kwamba hapo pana kabati la milango miwili. Jirani akacheka, kwa kuwa hakujua kwamba ubao unaweza kufunguliwa.

Tuliufungua kwa siku mbili. Aliusimamisha kwenye meza ya kazi, akauchora mistari ya penseli pande zote, akaleta msumeno mrefu wa kuvuta wawili, yeye upande huu, mimi upande ule. Nilivuta kwa nguvu za kijana, na msumeno ukaanza kuukimbia mstari. Akasimama, akaniambia niulegeze mkono, niuache uende kwa uzito wake. Tulikata hivyo, polepole, na unga mwekundu ukitiririka juu ya miguu yetu na harufu yake ikijaa banda zima, harufu ambayo hadi leo nikiipata mahali husimama bila kujua nimesimama kwa nini. Mninga ukikatwa porini hutoa utomvu mwekundu kama damu. Ni mti wa miombo, hukua bila haraka, na mpaka ufae kupasuliwa mbao huwa umepita umri wa mtu. Lakini ubao wake ukishakauka hutulia. Hauvimbi na kusinyaa ovyo kama mbao nyingine. Ubao wa bibi ulikuwa umekauka nyumbani kwetu kwa muda mrefu kuliko umri wa mama.

Tukapata vipande sita, kila kimoja chembamba kama sarafu. Mafundi huviita vinia. Mjomba aliviita majani. Aliviandika namba kwa penseli, moja hadi sita, kwa mfuatano uleule vilivyokuwa ndani ya ubao, na akanionya kwamba nikizichanganya namba hizo nitakuwa nimekichoma kitanda cha bibi.

Siku ya tatu ndipo nilipoelewa. Alichukua jani la kwanza na la pili, yakiwa yamelaliana kama yalivyokuwa ndani ya mti, akayafungua mbele ya mama kama mtu afunguavyo msahafu. Kila mshipa wa kushoto ulimkuta mwenzake upande wa kulia. Jicho moja la ubao, lile lililokuwa kichwani pa bibi miaka yote na ambalo utotoni tuliliogopa usiku, sasa yalikuwa macho mawili yanayotazama kwa upole, na michirizi ya rangi ya dhahabu ilipanda kutoka pande mbili ikakutana katikati. Mama aliyatazama kwa muda. Kisha akasema neno ambalo Mjomba alilirudia mpaka uzeeni mwake:

"Hii ni doti."

Naam, kanga haiuzwi kipande kimoja. Huuzwa viwili vya sura moja, na mwanamke humjua aliyevaa doti kamili na aliyeokoteza vipande viwili visivyojuana. Mama akasogea karibu zaidi, akapitisha kidole kwenye ukingo wa jani, akauliza, "Na pindo lake liko wapi, kaka?" Mjomba hakuwa amepanga pindo. Alinyamaza, akaingia ndani, akatoka na bakora ya babu, ya mpingo, iliyovunjika zamani na ambayo hakuna aliyethubutu kuitupa. Aliipasua kwa urefu, vijiti vyembamba vyeusi kumi na kadhaa, na vijiti hivyo ndivyo vilivyouzunguka kila mlango wa lile kabati. Mlango ukawa na mji wake wa mninga na pindo lake la mpingo. Alipounganisha vijiti viwili kwa kuwa bakora haikufikia futi nne, alikata miisho kwa mshazari, na mimi niliyeshuhudia akikata nikitafuta leo kiungo hicho sikioni.

Mpingo ule una safari ndefu kuliko aliyoijua babu. Ndani ya kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922, zilikutwa samani zilizovikwa vipande vyembamba vya pembe za ndovu na vya mti mweusi, na mti mweusi wa Wamisri wa kale ulikuwa huuhuu, mpingo, uliosafirishwa kwao kutoka nchi zilizo kusini mwao. Jina walilouita lilipita kwa Wayunani, likapita kwa Waarabu, likaturudia sisi kama abunusi. Katika kaburi jingine la huko, la waziri aitwaye Rekhmire, mafundi wamechorwa ukutani wakibandika jani la mti wa thamani juu ya ubao wa kawaida, na karibu nao chungu cha gundi kiko motoni. Picha hiyo ina umri wa miaka yapata 3,400. Nilipoiona kitabuni kwa mara ya kwanza, niliona ua wa Ngamiani. Lile kopo, ule moto mdogo, yale mabega yaliyoinama.

Naeleza haya kwa sababu kwetu neno "kubandika" limechafuka. Mtu akiambiwa kabati ni la kubandika huona ameuziwa uongo, na muuzaji akitaka kusifu mali yake hugonga ubavu wa kabati na kuapa kwamba huu ni mti mtupu. Dharau hiyo si ya jana. Pliny, yule mwandishi wa Roma aliyekufa Vesuvio ilipolipuka mwaka 79, aliwalaumu mafundi wa zama zake kwa kuuvika mti wa bei ndogo gamba la mti wa bei kubwa, na kwa kubuni majani membamba ili mti mmoja uuzwe mara nyingi. Alilitaja kama kosa la anasa. Mimi nalitaja kama heshima. Mninga wenye umri wa kupita mtu, ukiupasua mbao nene za kutengenezea kabati moja, umeupa nyumba moja tu. Ukiufungua majani, watu wengi wataugawana, na kila mmoja atakuwa na uso wake halisi, si picha. Uongo katika kazi hii unawezekana, tena ni rahisi, lakini haumo katika kubandika. Umo katika kubandika upande mmoja tu.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo nilipomjua Mjomba.

Mlango una uso na mgongo. Uso hutazama chumba. Mgongo hutazama kanga. Milango ile ilipokuwa ikingoja homa yake, kando yake palikuwa na majani mengine manne, ya mkangazi, yenye unene uleule, aliyoyapasua peke yake usiku kwa taa nilipokuwa nimelala. Nilidhani ni ya kabati jingine. Kumbe yalikuwa ya migongo. Nikamwuliza kwa nini ajichoshe kwa mahali ambapo hakuna mgeni atakayepaona. Akaokota kipande cha plaiwudi kutoka chini ya meza, kipande alichokibandika jani upande mmoja miaka mingi nyuma, alipokuwa mwanafunzi, na akakiweka mbele yangu juu ya kioo. Kilikuwa kimepinda kama ganda la chaza. Jani na gundi vinapokauka huvuta, akaniambia, na kama hakuna wa kuvuta upande wa pili, ubao huinama kwa anayevuta. Haupindi siku hiyo. Hupinda baada ya mwaka, kabati likiwa limekwisha kulipiwa na fundi ameshahama mtaa.

Kile kipande alikihifadhi kwa miaka zaidi ya thelathini. Alipokuwa mwanafunzi, mwalimu wake alimwambia akitunze, na kila alipopata mwanafunzi wake mwenyewe alimwonyesha kabla ya kumpa randa. Nimefikiri mara nyingi juu ya jambo hilo: mtu kutunza kosa lake la ujana kwa miaka thelathini na kulionyesha kwa vijana, asilifiche. Siku hizi tunatunza vyeti.

Basi saa saba ile, shati limevuliwa, tulifanya kazi bila kusema. Alipaka gundi kwa brashi pana, mimi nikashika jani, tukalilaza, tukalaza la pili ubavuni mwake, mshipa kwa mshipa, tukageuza, tukabandika mgongo, tukaleta mbao za moto juu na chini, na jiriwa zikaanza kukaza kutoka katikati kwenda pembeni ili gundi iliyozidi ipate pa kutokea. Ilitoka kama jasho. Muda wote huo haukutosha mtu kumaliza kikombe cha chai ya moto. Kisha tukaufunika mlango kwa magunia na kuuacha mpaka kesho yake, na Mjomba akavaa shati, akaenda kuswali adhuhuri.

Kesho yake, milango ilipofunguliwa, hakuitazama. Aliinama juu yake, akageuza sikio, akaanza kugonga kwa kucha ya kidole cha shahada, shibri kwa shibri. Pale jani lilipokamata, ubao ulijibu kwa sauti kavu, fupi. Mahali pamoja tu, karibu na bawaba ya juu, ulijibu kwa sauti ya mtu aliye nyuma ya pazia. Palikuwa na hewa chini yake, eneo la ukubwa wa tende. Mimi kwa macho sikuona chochote, wala kwa kidole. Alichanja mstari mwembamba kufuata nyuzi za mti, akaingiza gundi kwa ncha ya kisu, akapawekea pasi ya mkaa iliyopoa kidogo juu ya karatasi, akakandamiza. Gundi ya ngozi ina ukarimu huo: ikipata joto na unyevu hukubali kuanza upya. Gundi za siku hizi zikishakauka zimekauka, ukikosea umekosea.

Mwili wa kabati sitauelezea sana. Ulikuwa wa ndimi na matundu, bila msumari hata mmoja, na seremala yeyote aliyefunzwa angeufanya. Droo mbili za chini alizivika jani la tano, akalilaza kwa upana na kulikata katikati, hivyo mishipa ikaanzia droo ya kushoto na kuendelea ya kulia kana kwamba hakuna kilichokatwa. Jambo moja tu nilikumbuke hapa: alizipunguza droo zile kuliko ilivyohitajika, zikawa zinacheza. Mama alilalamika. Mjomba akamwambia angoje masika. Masika yalipokuja na hewa ya pwani ikaunyonyesha mti maji, droo za nyumba nzima zikakwama, na za kabati lile zikawa zinaingia sawasawa, zikitoa pumzi kidogo mwishoni.

Akalimaliza kwa shelaki, kwa kitambaa cha pamba kilichofungwa ndani ya kipande cha shuka kuukuu, mizunguko midogo midogo, siku tano. Alisema babu yake alikuwa akitumia sandarusi. Hilo nalo limetutoka. Utomvu wa msandarusi, hasa ule wa kale uliozikwa ardhini, ulichimbwa katika pwani yetu ya Mrima na kupelekwa Unguja, na karne ya 19 meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilikuwa zikija kuufuata huko, kwa kuwa vanishi iliyotengenezwa kwa huo ilikuwa ngumu na yenye kung'aa. Meza na magari ya farasi ya watu wa mbali yaling'aa kwa udongo wa kwetu. Leo kijana wa Pwani ukimtajia sandarusi atakumbuka pete au ushanga wa bibi, kama atakumbuka kitu.

Baadaye sana nilisoma habari za James Krenov, seremala aliyezaliwa Siberia mwaka 1920, akaishi Sweden, na kwa miaka mingi akajenga makabati yake madogo katika karakana ya chini ya nyumba yake, karibu na Stockholm. Naye alipasua vinia zake mwenyewe, nene kuliko za kiwandani, ili randa na mkono vipate pa kufanyia kazi. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1976, na mwaka 1981 akaanza kufundisha Fort Bragg, California, ambako wanafunzi walitoka nchi za mbali kumfuata. Alifariki mwaka 2009, na shule ile bado inafundisha. Nilipoyasoma hayo nilifurahi kwa ajili yake na nikaumia kwa ajili yetu. Mjomba na yeye walikuwa wakifanya kazi moja, nyumbani, kila mmoja kwa jua au jiko lake. Tofauti ni kwamba kwa yule watu walikwenda na madaftari.

Kwa Mjomba tulikwenda na nini? Tulikwenda na picha kwenye simu. Miaka yake ya mwisho, wateja walimwonyesha kabati la kiwandani na kumwuliza kama anaweza kulitengeneza kwa bei hiyohiyo, kwa siku tatu. Aliwaambia hawezi, kwa adabu, na wakaenda. Wanafunzi wake wawili wa mwisho waliondoka, mmoja akaendesha bodaboda, mwingine akafungua duka la vifaa vya umeme, na siwalaumu, maana chakula hakingoji shelaki ikauke. Nawalaumu walionunua. Najilaumu nami.

Mimi ninayeyasema haya nililala miaka mitatu karibu na kabati la chipubodi, la maranda yaliyoshindiliwa na kuvikwa karatasi yenye picha ya mti. Nililinunua Dar es Salaam kwa sababu lilikuwa tayari na gari lilikuwa nje. Picha ile haikuwa ya mninga wala ya mvule. Mishipa yake ilijirudia kila baada ya shibri mbili, jicho lilelile, mkunjo uleule, jambo ambalo hakuna mti umewahi kulifanya. Mwaka wa pili, kwa kupigwa deki tu, miguu yake ikavimba kama mkate uliolowa. Karatasi ikafunguka pembeni, na ndani pakaonekana vumbi. Nikamwita fundi. Akabonyeza kwa kidole, kidole kikaingia. "Hii haitengenezwi," akaniambia, na hakuwa na hatia, maana kweli haikuwa imeundwa ili itengenezwe. Nililitoa nje usiku, na wapita njia hawakulitaka hata kwa kuni.

Sisi tuliokulia nyumba zenye kasha za njumu za shaba, zenye droo za siri ambazo bibi alituonyesha siku ya Idi tu, tulifikaje kuita kitu hicho kabati? Bei si jibu kamili. Nimepiga hesabu: makabati ya namna ile niliyoyanunua katika maisha yangu ni matatu, na jumla yake ingemlipa Mjomba na kubaki. Tulichokikosa ni uvumilivu wa kungoja kitu kinachotengenezwa, na macho ya kukitambua kikishakuwa mbele yetu.

Mjomba alifariki miaka kumi na moja iliyopita. Matanga yalipoisha, sisi ndugu tuligawana vitu vya bandani kwa saa moja. Randa mbili zilienda kwa binamu ambaye si fundi. Jiriwa zote nane ziliuzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na mimi nilisaidia kuzibeba hadi barabarani. Kile kipande cha plaiwudi kilichopinda sikukiona. Nadhani kilichomwa pamoja na takataka. Hakuna aliyejua kilikuwa nini isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa barabarani nikipokea fedha.

Kabati lipo. Mama yu hai, na kanga zake zimo, zimekunjwa doti kwa doti na udi katikati, ile yenye alama ya kutu ikiwa chini kabisa. Milango haijapinda hata unene wa uzi. Ukiufungua mlango wa kushoto utaona, chini kabisa ya mgongo wake wa mkangazi, mwandiko wa penseli: tarehe, na maneno mawili, "kwa dada". Kanga ina mji, ina pindo, na ina jina. Mjomba alikuwa amelisahau jina, akaliandika mwishoni, mahali ambapo angelisoma mmoja tu.

Mwaka jana tulipomhamishia mama Dar es Salaam, kamba ya lori iliukwaruza mlango wa kulia, na jani likanyanyuka na kupasuka, eneo la kiganja, karibu na lile jicho. Ndipo mama akaniambia niangalie juu ya kabati. Palikuwa na bahasha ndefu ya magazeti ya zamani, imefungwa kwa uzi wa katani. Ndani yake mlikuwa na jani la sita. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Mjomba alikuwa amemwambia mama siku alipolileta kabati: siku likipata jeraha, kiraka kitoke kwenye mti uleule. Alikuwa na majani sita, kazi ikahitaji matano, na lile lililobaki hakulifanyia sinia wala fremu ya picha. Alimwekea mtu atakayekuja baada yake.

Nimewaita mafundi wanne. Wa kwanza alishauri tubadilishe milango yote. Wa pili alitaka kupiga rangi. Wa tatu alikuwa tayari kubandika kwa gundi ya kiatu. Wa nne, mzee kidogo, alilishika jani la sita kwa mikono miwili, akalinusa, akasema aliwahi kuona mtu akifanya kazi hiyo alipokuwa mtoto, lakini yeye hakufundishwa. Akalirudisha kwenye gazeti lake, akakataa hata nauli.

Namba yake ya penseli bado inasomeka. Kama wewe unayesoma haya unajua kuipasha gundi ya ngozi bila kuiua, au unamjua anayejua, njoo. Jani lipo, kabati lipo, mwenye kanga angali hai, na uani kwetu jua la Desemba hufika mapema.